Kidirisha cha Hewa Kwenye Gari la Kwaya

Mtakaosoma, nawaomba radhi mapema kwa mwandiko wangu, na kwa maneno ambayo nitakuwa nimeyakosea herufi. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika tupa na bisibisi kuliko kalamu. Ukurasa mmoja unanichukua jioni mbili. Nikifika kwenye neno nisilolijua vizuri, nalitamka kwanza polepole, halafu naandika nilivyojisikia nikilitamka.

Nataka kueleza habari ya tundu nililolikata kwenye paa la Haisi, na habari ya kaka yangu.

Sisi ni Wahehe wa upande wa Kilolo, Iringa. Baba alifariki nikiwa mdogo. Kaka ananizidi miaka kumi na mmoja, na kwetu baba akiondoka, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anakuwa baba. Hakuna kikao kinachokaa kumchagua. Watu wanaanza tu kumwachia kiti chake. Sare zangu za shule alinunua yeye. Siku nilipochomwa na maji ya moto mguuni, yeye ndiye alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Mdomoni nilimwita kaka, lakini moyoni nilikuwa nimeshamweka kule baba alikokuwa.

Nilipomaliza shule na jina langu halikutokea kwa waliofaulu, alikuja akanichukua. Alikuwa anafanya kazi ya bodi za magari kwenye gereji moja Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, ameoa binti wa Kinyakyusa, wana watoto wawili. Nilikaa kwake. Shemeji alinipokea vizuri. Mchana nilikuwa gereji na kaka, jioni nilikuwa mezani kwake.

Mimi ni mtu wa aibu. Mteja akiniuliza kitu, naangalia tairi. Majibu ninayo, ila yanafika mdomoni wakati mteja ameshaondoka. Kaka hakuwa hivyo. Alikuwa anatania kwa Kinyakyusa, anawasalimia akina mama wa viazi kwa Kisafwa, na akiongea na mtu wa ofisini anaongea kama mtu wa ofisini. Kwa hiyo tuligawana kazi bila kukubaliana. Yeye aliongea, mimi nikafanya. Watu wakiuliza huyu mwingine vipi, mbona bubu, alikuwa anacheka na kusema, "Huyu mdogo wangu maneno yake yako kwenye vidole." Niliipenda hiyo kauli. Niliamini ananisifu.

Siku moja mwalimu wa kwaya ya usharika alileta Haisi ya kwaya. Gari hilo vioo vyake vya nyuma havifunguki, na kile kipoza hewa chake kilikufa zamani. Kwa kule Mbeya hakuna tatizo, baridi inatosha kwa watu wote. Lakini kwaya ilikuwa imealikwa kuimba Rujewa, chini kwenye mashamba ya mpunga, na safari iliyopita akina mama wawili walizimia kwa joto kabla ya kufika. Mwalimu alikuwa amepata Mwanjelwa, kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, kidirisha cha hewa cha kuweka kwenye paa. Kilikuwa cha mraba, kikubwa kidogo kuliko trei ya mayai, na kifuniko chake cha plastiki kinainuka ukizungusha mkono kwa ndani. Mbalizi hakuna aliyekuwa amewahi kukifunga.

Mwalimu alikuwa Mnyakyusa na mtani wetu kwa ndoa ya kaka. Aliposhuka alisema, kwa ule utani kwamba Wahehe tunakula mbwa, "Nimewaletea gari, Wahehe. Sio mbwa. Nisikute mmelitafuna." Kaka akamjibu kwamba Mnyakyusa akinyang'anywa ndizi mkononi ndipo atajua njaa ni nini, na wote wakacheka.

Mzee mwenye gereji alilizunguka gari akiwa amefunga mikono nyuma. Halafu aliniita mimi. Alisema kaka ana mkono mzito, ataunguza rangi kwa grenda, ile mashine ya kukatia chuma, na kazi hii inataka mtu wa taratibu. Akasema nikilitoboa paa hilo bila kuliharibu, kazi zote za paa zitakuwa zangu. Halafu akasema neno ambalo nililibeba mpaka nyumbani: "Na humu ndani asikuite mtu dogo tena. Wakuite fundi."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuniita fundi.

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu nataka muone kwamba niliifanya kwa akili. Kwanza nilishusha silingi, kile kitambaa kinachofunika paa kwa ndani. Juu yake paa lina mbavu za chuma zinazopita kutoka upande hadi upande. Ukikata ubavu, paa linalegea na gari linaanza kulia barabarani. Niligonga kwa kidole, nikasikiliza pale panapolia wazi na pale panapolia pamejaa, nikapata nafasi katikati ya mbavu mbili. Nilikata boksi kwa kipimo cha kidirisha, nikaliweka juu ya paa, nikachora. Ndani nilitandika shuka kuukuu juu ya viti vyote, maana chenga za bati zikibaki kwenye kiti zinashika kutu na kuchafua nguo za watu. Nilitoboa pembe nne kwa drili, halafu nikakata kwa mkasi wa bati, kidogo kidogo, na kumalizia kwa tupa. Grenda ingemaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Mimi ilinichukua tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Kipande kilipodondoka kwenye shuka, niliingiza kichwa kwenye tundu nikawa naiona gereji nzima kutoka juu, na wenzangu wakanipigia makofi. Mmoja akasema sasa Mhehe amezaliwa mara ya pili.

Kingo za bati nilizipaka rangi ya kuzuia kutu. Ilibaki kuziba. Mwalimu alikuwa ameleta silikoni, mpira mzito wa kwenye bomba ambao ukikauka unabaki laini na hauyeyuki. Niliuweka juu ya meza ya vifaa. Nilipourudia, bomba lilikuwa tupu. Kaka alikuwa anabandika kioo cha mbele cha gari jingine, gari la mtu aliyekuwa amesimama hapo na haraka zake, na alikuwa ameumaliza wote.

Nilimwonyesha bomba tupu. Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Akachukua kopo la lami, ile tunayopasha moto kwenye jiko la mkaa na kuzibia matundu ya misumari kwenye mabati ya nyumba. Huku milimani kila mtu anaitumia. Baridi inaishika, inakuwa ngumu kama jiwe, na mvua zetu za miezi sita haziipiti.

"Lami hii imeziba kanisa zima kule Umalila," alisema. "Itashindwa na kitundu cha gari?"

Nilisimama. Nilikuwa nimewahi kupita Igawa, kule chini karibu na Rujewa, mchana, nimeona lami ya barabarani inang'aa kama imemwagiwa mafuta, na matairi yanaacha alama. Nikasema, kwa sauti ndogo kama kawaida yangu, "Kaka, Rujewa kuna jua."

"Jua linatoboa?" aliniuliza. "Kinachotoboa ni mvua. Paka."

Nikapaka. Hapo sifichi kitu. Mkono uliopaka lami ni huu ninaoandikia. Lakini aliyesema paka ni kaka, na mimi kwa kaka sikuwa na neno la pili.

Tulikaza skrubu kwa kupishana, tukamwaga ndoo nane za maji juu ya paa huku mzee mwenyewe amekaa ndani na karatasi kavu mapajani. Halikudondoka hata tone. Mzee alishuka, akanipa mkono mbele ya wote, akaniita fundi. Siku tatu nzima waliniita hivyo. Wengine waliniita kwa kunitania, lakini waliita.

Kwaya ilikwenda Rujewa Jumamosi. Jumatatu asubuhi mwalimu alirudi, safari hii bila utani. Alikuwa na mama mmoja wa sauti ya kwanza, na mfuko wa nailoni. Alitoa joho la kwaya, jeupe, jipya, akalitandaza juu ya boneti. Begani na mgongoni lilikuwa na madoa meusi ya lami. Alisema waliacha gari juani wakati wa ibada ya kwanza. Walipoingia ili wakaimbe kanisa la pili, lami ilikuwa inashuka kama asali. Majoho mapya ya kanisa la pili yalikuwa yametundikwa ndani, na manne yalikuwa pale chini. Wanne hao waliimba wakiwa wamesimama mstari wa nyuma, wamejifunika khanga. Na wakati wa kurudi, mvua ya Uyole iliingia ndani yote, kwa sababu hakukuwa na kitu tena cha kuizuia.

Mzee mwenye gereji aliuliza nani aliweka lami kwenye gari.

Mimi nilimwangalia kaka. Sikuwa na hofu kubwa. Nilijua kaka ana maneno. Nilikuwa namsubiri aseme, silikoni iliisha, tukadhani lami itafaa, sisi ni watu wa baridi, tumekosea. Kila mtu pale angeelewa. Hata mzee mwenyewe paa la nyumba yake limezibwa na lami ileile.

Kaka alivuta pumzi, akatikisa kichwa kama mtu aliyeumizwa. "Mzee, mimi silikoni nilimwachia mezani. Huyu mdogo wangu shida yake haulizi. Akikosa kitu anaona aibu kuuliza, anaokota chochote."

Neno lile lilinikamata vizuri kwa sababu nusu yake ni kweli. Kila mtu anajua siulizi. Kama angesema mimi ni mwizi au mlevi, wangekataa. Alichukua udhaifu wangu ambao yeye ndiye aliujua kuliko wote, akautumia kufunika bomba alilolimaliza.

Mzee aliniuliza kama ni kweli. Wote walikuwa wananitazama, na yule mama pia, mkono wake uko juu ya doa. Kwetu mdogo hamkatai mkubwa wake mbele ya wageni. Ukimkata kaka mbele za watu umekata mji wenu. Niliangalia tairi. Nikawaza, tukifika nyumbani atanieleza. Atasema nivumilie, alibanwa, na Mungu anajua. Hilo lingenitosha. Nawaapia lingenitosha.

Mzee alisema nirudi kuosha vyuma kwa dizeli. Hakunifokea. Aligeuka tu.

Tukatembea hadi nyumbani kaka akiwa mbele. Mezani shemeji akauliza mbona tumenyamaza. Nikaweka tonge chini nikasubiri, sasa tuko wenyewe, mgeni hayupo. Kaka akamweleza mkewe, akiangalia mboga, kwamba mimi nimeharibu gari la kanisa kwa kutokuuliza, na kwamba yeye ameniombea kwa mzee nisifukuzwe. Shemeji akanihurumia. Akaniongezea mboga na kuniambia, "Siku nyingine uliza, shem. Kuuliza si ujinga." Kaka akasema, "Mwambie wewe, labda atakusikia."

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Pale gereji alikuwa anajikinga kwa watu. Pale mezani hakukuwa na watu. Kesho yake mama alipiga simu kutoka kijijini, na yeye pia alikuwa ameshaambiwa. Akaniusia nimsikilize kaka yangu.

Majoho nilifua mimi. Lami haitoki kwa sabuni. Unaipaka mafuta ya kupikia mpaka ilainike, unaikwangua kwa kijiko, unarudia na mafuta ya taa, halafu sabuni ya kipande. Nilifua siku nne. Weusi ulitoka, ukabaki ukahawia kama chai iliyomwagika. Shemeji aliyapiga pasi, na kaka akasema tuyapeleke wote, siku ya mazoezi ya kwaya.

Mwalimu aliyapokea kwa heshima. Akasema kwaya imezungumza na haina kinyongo na mimi. Wakaniomba nipige magoti katikati yao. Watu kama ishirini walinizunguka, wengine wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, na yule mama wa sauti ya kwanza akaomba. Aliomba vizuri sana. Alimwomba Mungu amsamehe kijana huyu uzembe wake, ampe roho ya kuuliza, amjalie unyenyekevu mbele ya kaka yake anayemlea. Nilikuwa naona viatu vyao. Viatu vya kaka vilikuwa karibu na goti langu la kulia, na mkono wake mmoja ulikuwa begani kwangu, niliujua kwa uzito. Mama yule alipomaliza, sauti iliyosema amina kwa nguvu kuliko zote ilikuwa yake.

Nilikuwa bado na nafasi ya kuongea. Ilikuwa nyumba ya Mungu. Lakini watu ishirini wakishakusamehe, ukisema hukukosa unakuwa umekosa mara ya pili. Nikanyanyuka nikawashukuru. Wakaimba.

Wiki iliyofuata nilifunga nguo zangu. Nilimwambia shemeji naenda kumsalimia mama, na kweli nilimsalimia, lakini sikurudi Mbalizi. Nilipata kazi kwenye gereji Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Hapo hakuna wa kuniongelea. Mwanzo niliteseka. Baadaye nikaanza kuwajibu wateja, maneno mawili, matatu.

Miezi michache iliyopita alikuja mtu anayesafirisha vifaranga vya kuku kwenye gari lililofungwa nyuma, vifaranga vinakufa kwa kukosa hewa. Alitaka kidirisha cha paa. Fundi mkuu akatuuliza nani amewahi kukifunga. Nikasema, mimi, kimoja, na kilivuja. Akauliza kwa nini kilivuja. Nikasema tulipaka lami. Alicheka sana, akasema hata yeye angeipaka, yeye ni Mbena wa Njombe kwenye baridi, jua anaona kwenye kalenda. Kisha akanipa mkasi wa bati. Nilikifunga kwa silikoni, na bomba la silikoni nilikaa nalo mfukoni tangu asubuhi. Gari hilo limeshashuka mlima wa Kitonga kwenda kwenye joto na kupanda mara nyingi. Halijavuja.

Nadhani habari hiyo ilifika Mbeya, kwa sababu kaka alinipigia.

"Kamwene," alisema, kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene, kaka."

Aliniuliza habari za kazi, nikasema nzuri. Akasema mwalimu wa kwaya ananiulizia. Wamepata gari la pili na wanataka kidirisha, na hapo gereji hakuna mwenye mkono wa kukata paa kama mimi. Mzee amekubali nirudi.

Nikamuuliza, "Mwalimu atakubali vipi, na mimi ndiye niliyeharibu la kwanza?"

"Nimemwambia sasa umejifunza."

Nilikaa juu ya tairi. Nilisikia grenda nyuma ya sauti yake, na mtu akiita. Nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga kwa muda mrefu. "Waambie ilivyokuwa, kaka. Nitakuja siku hiyohiyo."

Halafu aliongea taratibu, bila ujanja, na ninaamini mara hii alikuwa anasema kilichomo moyoni. "Mdogo wangu, wewe huna mke, huna mtoto. Jina lako litaota tena, kama hapo lilivyoota. Langu likikatika, hawa watakula nini?"

Nilielewa. Hicho ndicho kibaya, nilimwelewa. Aliangalia majina mawili akachagua la kukata, na akachagua langu kwa sababu lilikuwa dogo. Nikapunguza ombi langu. Nikasema, basi usiwaambie kwaya. Mwambie shemeji tu, na mama. Watu wawili.

Akasema, "Tutaongea."

Hatujaongea. Mama anasema kaka amekonda na anauliza mbona simpigii. Mtoto wao wa tatu atabatizwa, na nimetajwa kusimama kama baba wa ubatizo. Kila Jumapili natamani kwenda, kwa sababu nampenda yule mtoto ambaye sijamwona, na kwa sababu mgongo ulionibeba mpaka zahanati ni uleule. Lakini nikienda bila yeye kusema, nitakuwa nimesimama tena kanisani nikiwa yule kijana waliyemsamehe. Nimemtumia mama ujumbe kwamba siendi. Sijamwambia sababu.

Kama yupo kati yenu ambaye ndugu yake mwenyewe alimtwisha kosa lisilo lake, halafu baadaye wakakaa tena meza moja, naomba aniandikie anieleze nani alianza kusema, na alisemaje. Na kama yupo aliyefanya kama alivyofanya kaka yangu, yeye ndiye ningependa aniandikie zaidi. Simfahamu na sitamhukumu. Nataka tu kujua kama mtu wa namna hiyo huwa anangoja aulizwe tena.